Mtoto Akifika Miaka 18 Kabla ya Kufika Chuoni: Barua ya Wazi kwa Jaji Mkuu

Kwa Mheshimiwa Martha Karambu Koome,
Jaji Mkuu na Rais wa Mahakama ya Juu ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, Mama yetu,

Nakuandikia kutoka Embu. Naomba radhi kabla sijasema neno, maana mtu wa cheo changu hana namna ya kubisha hodi kwenye ofisi kama yako ila kwa barua ambayo kila mtu ataisoma. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nimefundisha Kidato cha Nne kwa muda mrefu, na kwa kazi hiyo huwa miongoni mwa watu wa kwanza kuambiwa kwamba mwanafunzi fulani amepata nafasi chuoni. Mara nyingine huwa pia wa kwanza kuambiwa kwamba hataenda. Nakuandikia kwa ajili ya hao wasioenda, na hasa wale ambao kwenye karatasi wana wazazi wawili, wote hai na wote wenye riziki.

Uniwie radhi pia kwa kukuchagua wewe. Nimekuchagua kwa kuwa wewe ni binti wa upande huu wa Mlima Kenya, mzaliwa wa Meru, na hakuna haja ya kukueleza jinsi mama wa huku anavyolea. Tena kabla ya kuteuliwa jaji mwaka 2003 ulikuwa wakili, mmoja wa wanawake wa FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, na kina mama waliokuja na kesi za malezi uliwasikiliza kutoka upande wa pili wa meza. Baadaye uliongoza jopo maalumu la masuala ya watoto chini ya Baraza la Kitaifa la Utekelezaji wa Haki. Mei 2021 ulipoapishwa kuwa mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho, walimu wengi wa huku tuliwaonyesha wasichana wetu picha yako kwenye gazeti. Kwa hiyo ninapokuletea jambo hili nalileta kwa mtu anayelijua kuliko mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Mahakama inapomwamuru mzazi, na mara nyingi ni baba, atoe pesa za malezi, amri hiyo hukoma mtoto anapotimiza miaka 18 isipokuwa mahakama iirefushe. Katiba yetu, kifungu cha 260, inasema mtoto ni yule ambaye hajafika miaka 18, na sina ubishi na hilo. Lakini naomba uitazame kalenda ya shule pamoja nami. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6, akasoma miaka 8 ya msingi na 4 ya sekondari bila kurudia darasa, anamaliza akiwa na miaka 18. Mtihani wa KCSE huisha Novemba, matokeo hutoka Januari, KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi vyuo, hugawa nafasi miezi kadhaa baadaye, na vyuo hupokea wanafunzi wapya Agosti au Septemba. Siku ya kuzaliwa kwake basi huangukia ama akiwa bado darasani kwangu, ama katika ile miezi ya kungoja. Mfumo mpya wa elimu hautabadilisha hesabu hiyo: miaka 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini na 3 ya sekondari ya juu ni ile ile 12. Pesa hukatika mahali hasa ambapo gharama hupanda, na ni kama kumvusha mtoto mto Rupingazi ukamwachia mkono maji yakiwa kiunoni.

Nimemwona mwanafunzi wangu mmoja akiachiwa hivyo. Mama yake huuza mboga sokoni hapa mjini. Baba yake ana kazi ya mshahara mbali na hapa, na kwa miaka mingi alilipa kama mahakama ilivyoamuru. Kila mwezi pesa ziliingia kwa M-Pesa, na mama alihifadhi kila ujumbe. Binti alifanya vizuri akaitwa chuo kikuu. Baba alipiga simu, akazungumza bila ukali, akasema kazi aliyopewa na mahakama imekwisha na kwamba anamtakia heri. Sikuona sheria yoyote aliyoivunja. Binti akaenda kusuka nywele kwenye saluni kwa mwaka mzima, na nafasi yake ikapita. Simlaumu baba huyo mbele yako, Mheshimiwa. Alisoma karatasi aliyopewa, na karatasi ilisema miaka 18.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba Serikali hiyo hiyo, katika ofisi nyingine, haiamini kabisa kwamba kijana wa miaka 18 anasimama peke yake. Anapojaza maombi ya ufadhili na mkopo wa chuo, HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa mwaka 1995, humtaka aeleze habari za wazazi wake: nambari zao za vitambulisho kama wako hai, vyeti vya vifo kama wamefariki. Katika mfumo wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023, uwezo wa nyumba anayotoka ndio unaoamua atapewa kiasi gani. Kwa ngazi tano zilizotumika mwaka 2024, familia ya ngazi ya kwanza ilitarajiwa kuchangia asilimia 5 ya gharama ya kozi, na ile ya ngazi ya tano asilimia 40. Najua mfumo huo uko mbele ya mahakama. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Kesi inaweza kukufikia siku moja, kwa hiyo sikuombi useme neno lolote juu yake, na ningekosa adabu kukuomba.

Naomba tu nionyeshe jinsi milango hii miwili inavyogongana. Kwenye mlango wa mkopo, kijana huulizwa baba yako ni nani na anapata nini. Akimwandika baba mwenye mshahara, nyumba huonekana ina uwezo, sehemu ya ufadhili hupungua na mchango wa familia hupanda. Kwenye mlango wa mahakama, kijana yule yule huambiwa kwamba baba huyo hadaiwi tena kitu. Mshahara wa baba umehesabiwa dhidi yake na haukumfikia. Pengo hilo hulibeba mama, au hulibeba kijana mwenyewe kwa mkopo ambao HELB huutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na atakapochelewa kuulipa kuna faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Mwanafunzi ambaye wazazi wake wanaishi pamoja hana shida hii kwa namna hiyo. Baba atauza ng'ombe, ataita harambee, na hakuna atakayemuuliza mtoto ana umri gani. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema wajibu wa mama na baba ni sawa, wawe wameoana au la. Kwa desturi zetu za Embu na Meru, baba anayeishi na watoto wake haoni kwamba wajibu huo umeisha siku ya kuzaliwa. Huisha kwa yule tu aliyeondoka.

Sheria haikulisahau jambo hili, nami sitaki kuonekana kama ninayeishutumu. Sheria ya Watoto ya 2022, kama ile ya 2001 iliyoitangulia, inaipa mahakama uwezo wa kurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18 pakiwa na hali maalumu, na mara kadhaa majaji wetu wamekubali kwamba masomo ya juu ni hali maalumu. Mlango upo. Ila kwa watu ninaowajua mimi, umefichika nyuma ya nyumba.

Wengi hawajui kwamba upo. Mama wa Kiritiri aliyepewa amri miaka kumi iliyopita hakuambiwa siku ile kwamba itabidi arudi kabla haijakoma. Alipitia kwa chifu, akapitia kwa afisa wa watoto, akafika mahakamani, akapata karatasi yake na kuikunja vizuri. Anapokuja kujua kwamba pana ombi jingine la kupeleka, mtoto ameshatimiza miaka 18 na baba ameshazima simu. Halafu ombi lenyewe linataka hati ya kiapo, linataka ushahidi wa mapato ya baba, linataka baba apelekewe taarifa popote alipo. Mwenye mshahara ana hati ya malipo ya kila mwezi. Lakini mapato ya huku mengi hayana karatasi. Kahawa ya chama cha ushirika hulipwa baada ya msimu, muguka wa Mbeere, majani ya kutafuna, hulipwa taslimu shambani, bodaboda hulipwa barabarani. Mama hana wakili wa kumtafutia hayo. Kesi huahirishwa mara moja, kisha mara ya pili, na nauli ya kwenda mahakama ya Siakago hutoka kwenye pesa zile zile za chakula. Muhula wa kwanza huanza na kwisha.

Jambo jingine si rahisi kuliandika kwenye fomu yoyote, na naomba unisikilize kama mzazi. Mtoto akishapita miaka 18, mara nyingi inambidi yeye mwenyewe awe mlalamikaji, asimame mbele ya hakimu na kumtaja baba yake. Kwetu huku kijana anayempeleka baba mahakamani hubeba jina hilo muda mrefu. Atakumbushwa siku ya kugawa shamba, na siku ya kupeleka mahari baba au ami yake anaweza kukataa kuketi. Nimewaambia wanafunzi wawili au watatu kwamba wana haki ya kuomba, nao wakanitazama kana kwamba nimewaambia watukane. Mmoja alisema afadhali akose chuo kuliko kukosa baba kabisa. Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani sheria ilikusudia kumfanya achague. Amri ikiwa imeshasema tangu mwanzo kwamba malezi yataendelea mtoto akiwa chuoni, hakuna kijana atakayelazimika kuianza vita hiyo. Mahakama itakuwa imesema kwa niaba yake akiwa bado mdogo, na baba atakuwa amejua mapema, akajipanga.

Naomba nisiwasahau kina baba, kwa sababu nimeketi nao pia kwenye mikutano ya wazazi. Wapo waliouza kipande cha shamba kumsomesha mtoto ambaye hawakumzaa. Wapo ambao kipato chao ni kidogo kuliko cha mama wa mtoto, na ni haki mama huyo naye achangie kwa kipimo hicho. Lalamiko ninalolisikia sana kutoka kwao ni kwamba wanatuma pesa bila kujua zinafanya nini: hawaonyeshwi barua ya kuitwa chuoni, hawaonyeshwi muundo wa karo, hawajui kama mtoto yuko darasani au ameacha. Naona lalamiko hilo ni la haki kabisa. Mzazi anayelipa aone matokeo ya kila mwaka. Pesa za karo ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na za matumizi zimfikie mwanafunzi mwenyewe, maana sasa ni mtu mzima mwenye kitambulisho na laini yake ya simu. Pawe na ukomo unaojulikana pia: kozi moja ya kwanza, ya shahada au ya ufundi, kwa muda wake wa kawaida. Akiacha masomo kwa hiari yake, au akipata ajira, wajibu ukome. Sijawahi kukutana na baba mwenye moyo aliyekataa masharti ya namna hiyo alipoelezwa kwa utulivu.

Tunayo mifano jirani. Wenzetu wa Tanzania, katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, waliandika kwamba amri ya matunzo hukoma mtoto akifika miaka 18, kisha wakaeleza waziwazi kwamba mahakama inaweza kuendelea kuitekeleza kama mtoto bado yuko katika masomo au mafunzo. Sababu imetajwa kwa jina lake, hakimu na mzazi wote wanaisoma. Mbali zaidi, jimbo la New Jersey nchini Marekani limeweka umri wa 19 kuwa wa kawaida, na linaruhusu amri irefushwe hadi 23 kwa mtoto anayesoma. Sehemu hizi zina uwezo tofauti sana, lakini zote mbili zimekubali kwamba shule na siku ya kuzaliwa haziendi pamoja.

Sisi tumetoka mbali katika jambo hili, na nalisema kwa kukumbuka historia uliyoiishi. Mwaka 1969 Bunge letu liliifuta Sheria ya Affiliation, iliyokuwa imempa mama asiyeolewa njia ya kumdai baba wa mtoto matunzo. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mama wa namna hiyo alilea peke yake na sheria ikanyamaza. Ilichukua Sheria ya 2001, na Katiba ya 2010, na kesi nyingi zilizopiganwa na wanawake wa kizazi chako, hadi tukafika mahali ambapo baba hawezi kusema hakuoa kwa hiyo hahusiki. Hatua iliyobaki ni ndogo ikilinganishwa na hizo.

Basi, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu wote naomba haya, ambayo naamini yako ndani ya uwezo wa ofisi yako kwa njia ya kanuni na maelekezo kwa mahakama, bila kungoja Bunge. Naomba kila hakimu anayetoa amri ya malezi aandike ndani yake kitakachotokea mtoto akifika miaka 18 akiwa bado shuleni au akiwa ameitwa chuoni au chuo cha ufundi, ili suala lijibiwe siku ile ile wazazi wote wawili wakiwa mbele yake. Naomba amri za zamani ambazo hazikusema hivyo ziwe na fomu fupi ya kuomba zirefushwe, ya ukurasa mmoja au miwili, kwa Kiswahili, itakayopatikana bila malipo katika mahakama za Embu, Runyenjes, Siakago na kwingineko, na ambayo mama au mwanafunzi anaweza kuijaza bila wakili.

Naomba tena maombi hayo yawe na muda maalumu wa kuamuliwa, yaishe kabla ya vyuo kufunguliwa. Sisemi hili kwa kudhani mahakama zina uvivu, maana nimeona zinaweza kwenda haraka. Mei 2024 gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka, wakulima wetu walikimbilia Mahakama Kuu ya hapa Embu, na ndani ya siku chache amri ya kusimamisha marufuku hayo ikatolewa. Mahakama za Madai Madogo, ambazo wewe mwenyewe umezieneza katika kaunti nyingi, zinatakiwa na sheria ya 2016 kuamua ndani ya siku 60 madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Muuza simenti anayemdai mteja wake anajua tarehe ya mwisho ya kesi yake. Karo ya mwaka wa kwanza ya mtoto wa muuza mboga nayo ni dai dogo kwa kiasi, na lina tarehe ya mwisho iliyo kali zaidi, kwa sababu chuo hakingoji.

La mwisho ninaliomba kwa sauti ya chini, kwa kuwa linahusu ofisi zisizo zako. Wewe ndiwe unayeliongoza Baraza la Kitaifa la Utekelezaji wa Haki, ambako idara za Serikali huketi pamoja. Nakusihi uwaulize wenzako wa elimu kama mwanafunzi aliye na amri ya mahakama, au mwenye mzazi aliyeacha kulipa, anaweza kuiwasilisha amri hiyo anapopangiwa ngazi ya ufadhili, ili asihesabiwe mshahara ambao haumfikii. Hilo litawasaidia hata wale ambao hawatakuwa tayari kumfikisha baba mahakamani.

Nimekuchukulia muda wako mwingi, na kama kuna neno nililolikosea adabu naomba ulisamehe, maana halikutoka kwa kiburi. Januari ijayo matokeo ya KCSE yatatoka tena, na barua za kuitwa vyuoni zitafuata. Baadhi ya wanafunzi wangu watakuwa wameshatimiza miaka 18 wakati huo. Nakuomba, Mama, waikute fomu hiyo mezani kwa karani wa mahakama.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa Kidato cha Nne,
Kaunti ya Embu.